Shujaa wa Kike kwenye Katuni, na Msichana Anayeitwa Jikoni

Ni Jumamosi jioni kwenye nyumba iliyo katikati ya migomba huko Kidia, Old Moshi. Simu ya mama imeegemezwa kwenye chupa ya chai, bando limebaki kidogo, na watoto watatu wamebanana mbele yake wakiangalia katuni. Kwenye kioo, msichana wa Kichina aliyevaa mavazi ya askari anakatiza milima yenye theluji kwenda vitani. Watoto wametulia tuli. Mara sauti inatoka jikoni: "Jamani, huku maji yameisha!"

Sasa tazama nani anainuka.

Katika nyumba nyingi anayeinuka ni msichana. Kaka yake anasogea kidogo na kukaa vizuri pale palipoachwa wazi. Dada anaporudi na ndoo kichwani, katuni imekwisha. Anauliza tu, "Iliishaje?"

Mpenzi msikilizaji, nyumba hiyo tumeichora sisi, lakini huenda unaifahamu. Leo tunaeleza jambo linalozungumzwa sana duniani, nalo linaingia hadi kwenye simu zetu huku mlimani: namna katuni na vitabu vinavyomwonyesha mtoto wa kike, na kama mashujaa wa kike tunaowaona humo wanambadilishia chochote yule aliyekwenda kuchota maji.

Mawazo yaliyoganda

Watu wanaoshughulika na masuala ya jinsia hutumia maneno "fikra mgando". Maana yake si ngumu. Mafuta yakiachwa kwenye sufuria usiku wa baridi, asubuhi utayakuta yameganda, yameshika umbo la sufuria. Fikra nazo huganda hivyo hivyo. Ni wazo kuhusu kundi zima la watu ambalo limeshika umbo moja, na halimwangalii tena mtu mmoja mmoja.

Mvulana halii. Msichana hapandi mti. Hesabu ni za wavulana. Mwanaume haingii jikoni. Wengi wetu tulisoma vitabu vya shule vyenye picha ya baba ameketi na gazeti na mama ameshika mwiko, wala hakuna aliyetuambia kwamba picha ile nayo ilikuwa somo.

Fikra hizi hazimuumizi msichana peke yake. Mvulana aliyeambiwa kwamba kuogopa ni aibu hatasema akionewa. Kijana aliyefukuzwa jikoni tangu utotoni akienda kutafuta maisha Dar es Salaam atakula chipsi kila siku mpaka mfuko utoboke.

Kwetu Kilimanjaro kuna jambo la kuangalia kwa makini. Hakuna anayethubutu kusema mwanamke wa Kichagga hana nguvu. Tunamwona alfajiri akiteremka na mkungu wa ndizi kuelekea soko la Kiboriloni. Tunamwona akipanda na mzigo wa majani ya ng'ombe uliomfunika mpaka mabega. Analipa ada, anacheza kikoba, anajua bei ya kila kitu. Nguvu anazo. Swali ni kama uamuzi anao, na kama akisema anasikika. Tulishike swali hilo, kwa sababu ndilo tutakalotumia kupima katuni.

Waliohesabu maneno

Kampuni ya Disney ya Marekani ilitoa filamu yake ya kwanza ndefu ya katuni mwaka 1937, Snow White. Msichana anakimbia kuuawa, anafika kwenye nyumba ya mbilikimo saba, anafagia na kupika, kisha anakula tofaa lenye sumu na kulala mpaka mwana wa mfalme anapomwamsha. Mwaka 1950 ikaja Cinderella, na mwaka 1959 Sleeping Beauty, ambamo binti analala tena akimngoja wa kumwamsha. Umbo lilikuwa limeshaganda: msichana mwema ni mzuri wa sura, anafanya kazi za nyumbani bila kulalamika, na anaokolewa.

Mwaka 1989 mambo yalionekana kubadilika. The Little Mermaid ilimleta Ariel, binti wa baharini mwenye udadisi, ambaye ndiye anayemwokoa mwana wa mfalme asizame. Lakini angalia bei aliyolipa. Ili apate miguu ya kumfuata kijana yule nchi kavu, aliitoa sauti yake. Kwa sehemu kubwa ya hadithi, mhusika mkuu ni bubu.

Mwaka 2016 wataalamu wawili wa lugha nchini Marekani, Carmen Fought na Karen Eisenhauer, walifanya kazi ya subira. Walizichukua filamu za Disney za mabinti wa kifalme wakahesabu maneno: wanaume wamesema mangapi, wanawake mangapi. Matokeo yaliwashangaza wengi. Katika zile filamu za zamani za mabinti wanaolala, wanawake walizungumza karibu sawa na wanaume au hata kuwazidi. Katika filamu ya Ariel, wanaume walisema asilimia 68 ya maneno yote.

Na katika Mulan ya mwaka 1998, ile ya msichana askari, wanaume walisema asilimia 77. Yaani shujaa ni mwanamke, jina la filamu ni lake, lakini kati ya kila maneno manne, matatu yametoka kwenye kinywa cha mwanaume.

Sababu yake ni rahisi. Waandishi walimweka msichana mmoja shujaa katikati, kisha wakamzungushia wanaume: jemadari, askari wenzake, mfalme, baba, hata joka la kuchekesha. Mtoto anayeangalia anajifunza kwamba msichana shujaa yupo, lakini ni mmoja tu, na waliobaki wote ni wanaume.

Hali haikubaki hivyo. Katika Brave ya mwaka 2012, kuhusu binti wa Uskoti anayekataa kutafutiwa mume, wanawake walisema karibu robo tatu ya maneno. Lakini mwaka uliofuata, katika Frozen yenye dada wawili mashujaa, wanaume walirudi kusema zaidi ya nusu.

Kwetu kuna jambo la nyongeza ambalo watafiti wale hawakulihesabu. Katuni nyingi zinazofika vijijini kwenye memori kadi na kwenye vibanda umiza ni zile zilizotafsiriwa na ma-DJ. Mara nyingi sauti ni moja, nayo ni ya mwanaume. Mulan akizungumza, anazungumza DJ. Mama yake akizungumza, anazungumza DJ huyo huyo. Kazi hiyo imetupatia burudani kubwa na hatuidharau, ila mzazi ajue mtoto wake anasikia nini.

Mulan kabla ya katuni

Mulan hakuzaliwa Marekani. Ni shujaa wa utenzi wa kale wa Kichina, unaohusishwa na enzi za utawala wa Wei ya Kaskazini, zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Jeshi linaita watu vitani. Baba yake Mulan ni mzee, na hana mtoto wa kiume mkubwa. Mulan ananunua farasi na tandiko, anavaa kiume, anakwenda kwa niaba ya baba. Anapigana miaka mingi na wenzake hawagundui. Vita vinapokwisha, mfalme anampa cheo. Anakataa. Anachoomba ni usafiri wa kumrudisha nyumbani. Akifika anavaa nguo zake za zamani, na askari wenzake wanabaki midomo wazi.

Ni hadithi nzuri, na ndiyo maana imedumu. Lakini ina kitendawili ndani yake. Msichana huyu alisikilizwa alipoonekana mwanaume. Alipovua mavazi ya vita alirudi nyumbani kwao, pale pale alipokuwa mwanzo. Nchi iliokolewa, ila hatuambiwi kama kuna kilichobadilika kwa wasichana wengine wa kijiji chake.

Binti wa dobi na shangazi asiye na jina

Aliyelichukua swali hilo na kulikazia ni mwandishi Maxine Hong Kingston, Mmarekani mwenye asili ya China, aliyezaliwa mwaka 1940 katika mji wa Stockton, California. Wazazi wake walikuwa na udobi, na watoto walikua kwenye mvuke wa pasi na nguo za watu wengine. Mwaka 1976 alitoa kitabu chake, The Woman Warrior, yaani mwanamke mpiganaji, kilichopata tuzo kubwa ya wahakiki wa vitabu nchini humo.

Katika kitabu hicho mama yake ndiye msimulizi wa nyumbani, kama bibi zetu karibu na moto. Alikuwa amesomea ukunga China, akatibu wagonjwa vijijini, akaheshimika. Marekani aliishia kufua na kupiga pasi. Usiku aliwasimulia watoto habari za Mulan. Binti akakua akiamini anaweza kuwa askari. Lakini mchana, kwa wazee wa ukoo, alisikia semi zilizosema kulea binti ni hasara. Akili yake ikavutwa huku na huku. Alifaulu vizuri shuleni, akatambua kwamba kufaulu hakumpi heshima ya ushindi wa vita.

Kisha kuna hadithi nyingine, ambayo mama aliisimulia mara moja na kukataza isirudiwe. Baba yake Maxine alikuwa na dada kule China. Dada huyo alipata mimba wakati mume wake alikuwa ng'ambo. Usiku wa kujifungua, wanakijiji walivamia nyumba, wakavunja vyombo, wakachinja mifugo. Asubuhi alikutwa ndani ya kisima, yeye na kichanga chake. Familia ikaamua kwamba hakuwahi kuwapo. Jina lake halikutajwa tena, hata na kaka yake mwenyewe.

Kingston alianza kitabu chake na huyo shangazi, kabla hata ya kumfikia shujaa mwenye upanga. Hapo ndipo alipowazidi watengenezaji wa katuni. Alionyesha kwamba kijiji kile kile kinaweza kusimulia kwa fahari habari za msichana mpiganaji na wakati huo huo kumfuta msichana wake wa damu.

Kitabu hicho hakikupokelewa kwa vigelegele na kila mtu. Mwandishi mwenzake mwenye asili ya China, Frank Chin, alimlaumu kwa kuchanganya hadithi za kale na kuwaonyesha wanaume wa Kichina vibaya. Kwa mfano, katika kitabu wazazi wanamchora msichana shujaa maneno mgongoni kwa kisu, jambo ambalo katika masimulizi ya China ni la Yue Fei, jemadari mwanaume. Kingston alijibu kwamba hadithi za kale zikivuka bahari hubadilika, na zisipowafaa watu husahauliwa. Ubishi huo tunaufahamu hata huku: kila mwanamke anapouliza jambo, kuna anayesema mila zinaharibiwa.

Marwe wa mlimani

Basi je, mila zetu zenyewe zinasemaje? Tuna shujaa wetu, na wengi wa vijana hawajawahi kumsikia. Anaitwa Marwe.

Ngano hii ni kati ya zile zilizoandikwa na Bruno Gutmann, mmisionari Mjerumani aliyeishi Old Moshi kwa miaka mingi na kukusanya masimulizi ya wazee. Kitabu chake kikubwa cha ngano za Wachagga kilichapwa Ujerumani mwaka 1914, na baadaye, mwaka 1933, mtaalamu wa lugha za Kiafrika Alice Werner aliisimulia tena kwa Kiingereza. Kwa ufupi inakwenda hivi.

Marwe na kaka yake walitumwa kulinda shamba la maharage lisiliwe na nyani. Mama hakuwapa chakula. Njaa ilipowabana waliwinda panya wa shambani wakala, kisha kiu ikawapeleka mbali kutafuta maji. Waliporudi, nyani walikuwa wamemaliza shamba zima. Wakanyemelea nyumbani na kutega sikio kwenye mwanya wa majani ya paa. Wakawasikia wazazi, kwa hasira, wakijadili kama wawachape au wawaue kabisa.

Watoto wakakimbilia kwenye bwawa. Marwe akajitosa. Kaka yake akashikwa na hofu, akarudi mbio kuwaambia wazazi. Na hapo hasira ikayeyuka. Wazazi wakakimbia hadi bwawani, wakaita: Marwe, rudi nyumbani, maharage si kitu, tutapanda mengine. Kimya. Baba akawa anakwenda kila siku kuita jina la binti yake juu ya maji.

Chini ya bwawa Marwe alifika nchi ya wafu, kwa bibi mmoja mwenye watoto wengi. Bibi akamwambia asifanye kazi, awaachie wenzake. Marwe akakataa, akakata majani na kuokota kuni pamoja nao. Chakula cha kule hakukigusa. Alipotaka kurudi kwao, alisema mwenyewe. Bibi akampa kuchagua kati ya moto na baridi. Akachagua baridi, akatumbukiza mikono kwenye chungu, ikatoka imejaa bangili zinazong'aa.

Alirudi juu wakati wa njaa kali. Watu wakamkuta ameketi kando ya bwawa na mapambo ambayo hakuna aliyekuwa nayo tena. Mangi mwenyewe akataka kumchukua. Marwe akamkatalia. Akawakatalia na wengine wote, mpaka alipofika Sawoye, mtu aliyeharibiwa ngozi na ugonjwa. Akasema, huyu ndiye mume wangu. Sawoye akapona, wakanunua ng'ombe, wakajenga. Majirani wenye wivu wakamuua Sawoye, na ni Marwe aliyemrudishia uhai na kumficha ndani ya nyumba. Maadui walipokuja kugawana mali na kumpeleka Marwe kwa Mangi, Sawoye akatoka na silaha na kuwamaliza.

Tuisome ngano hii taratibu. Kazi ya kulinda shamba walipewa wote wawili, wa kike na wa kiume. Kaka aliogopa, na hakuna aliyemcheka. Hofu yake ndiyo iliyowafikishia wazazi habari. Marwe hana upanga. Ushujaa wake ni wa kuamua: anaamua kufanya kazi na wenzake, anaamua kurudi, anamkatalia mtawala, anamchagua mgonjwa.

Sasa mweke Marwe karibu na yule shangazi wa kitabu cha Kingston. Wote wawili waliingia majini kwa kuogopa hasira ya watu wao. Mmoja, jina lake lilifutwa. Mwingine, baba yake alilitaja kila siku ukingoni mwa maji. Ngano ya Wachagga inajua jambo ambalo katuni nyingi hazilijui: kabla ya kuuliza kama binti ni shujaa, uliza kama nyumbani kuna mtu anayemwita arudi. Maharage hupandwa tena. Mtoto hapandwi tena.

Akili, mtoto wa chini ya Kilimanjaro

Mlima wetu umepata shujaa mwingine siku hizi, naye ni wa katuni. Taasisi ya Ubongo ya Dar es Salaam ilianza kurusha Ubongo Kids kwenye televisheni ya TBC1 mwaka 2014, ambamo wasichana na wavulana wanatatua mafumbo ya hesabu na sayansi kwa pamoja. Baadaye ikatengeneza Akili and Me kwa watoto wadogo. Akili ni msichana wa miaka minne anayeishi na familia yake chini ya Mlima Kilimanjaro. Akilala usiku, anaingia kwenye nchi ya ndoto ambako yeye na marafiki zake wanyama wanajifunza herufi, namba, lugha na kuchora.

Jina lake halikuokotwa njiani. Tunasema akili ni mali. Hapa mali hiyo imepewa sura ya mtoto wa kike, naye hasubiri kuolewa wala kuokolewa. Anauliza maswali.

Je, inasaidia? Watafiti waliwapima watoto wa shule za awali mjini Morogoro, na matokeo yakachapishwa mwaka 2018. Waliokuwa wameangalia Akili and Me walifanya vizuri zaidi katika kuhesabu, kutambua namba na maumbo, kuchora na Kiingereza kuliko wenzao walioangalia kipindi kingine. Vipindi vya Ubongo husikika redioni pia, kwa hiyo hata nyumba isiyo na televisheni haijaachwa nyuma.

Shujaa anarudi wapi?

Turudi kwenye swali la Mulan. Msichana akishashinda, anarudi wapi?

Kwetu swali hili lina jina: kihamba. Kwa mila, kihamba kilirithiwa na watoto wa kiume, hasa wa kwanza na wa mwisho. Binti alihesabiwa kuwa wa kuolewa, ataishi kwenye kihamba cha wengine. Kwa hiyo anaweza kuwa wa kwanza darasani, anaweza kumsomesha mdogo wake wa kiume, anaweza kuwajengea wazazi nyumba ya matofali, na bado siku ya kikao cha ukoo akaambiwa yeye ni mgeni.

Sheria imeshalisemea jambo hili. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inampa mwanamke haki ya kupata na kumiliki ardhi sawa na mwanaume. Kifungu chake cha 20 kinasema mila inayomnyima mwanamke, mtoto au mtu mwenye ulemavu nafasi halali ya kumiliki, kukalia au kutumia ardhi haina nguvu.

Na kabla ya sheria hiyo kulikuwa na mwanamke mmoja wa Muleba, mkoani Kagera. Holaria Pastory alirithi ardhi ya ukoo kwa wosia wa baba yake. Mwaka 1988, akiwa amezeeka na hana wa kumtunza, aliiuza kwa shilingi 300,000. Ndugu wa ukoo, Bernardo Ephrahim, akaenda mahakamani: kwa mila ya Wahaya, mwanamke hauzi ardhi ya ukoo. Kesi ilianzia mahakama ya mwanzo, ikapanda ya wilaya, ikafika Mahakama Kuu, Mwanza. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya aliamua kwamba mila hiyo ya ubaguzi inapingana na Katiba, na kwamba mwanamke ana haki ya kuuza kama mwanaume.

Hakuna katuni iliyotengenezwa juu ya Holaria Pastory. Hakuwa na joka wala farasi. Lakini alipomaliza safari yake, sheria ya nchi nzima ilikuwa imesogea. Huyo ndiye shujaa ambaye wengine hawarudi walipokuwa.

Maswali manne ya kuuliza mbele ya simu

Hatusemi uwakataze watoto katuni. Kaa nao, hata dakika kumi, kisha uwaulize maswali haya. Waulize wa kike na wa kiume kwa pamoja.

La kwanza: nani anazungumza zaidi? Wape watoto punje za mahindi, punje moja kwa kila mhusika anaposema. Wataona wenyewe rundo lipi ni kubwa, na watakuwa wamefanya hesabu bila kujua.

La pili: nani anaamua? Msichana amechagua njia, au amechaguliwa?

La tatu: ana wenzake? Msichana shujaa aliye peke yake kati ya wanaume anafundisha kwamba wengine hawawezi.

La nne: hadithi ikiisha, ni kipi kimebadilika nyumbani kwao?

Swali la nne ni gumu, kwa sababu halijibiwi na katuni peke yake. Linajibiwa na kikao cha ukoo, na mzazi anayeandika wosia, na mwalimu anayechagua nani ajibu swali ubaoni. Linajibiwa pia jikoni, Jumamosi jioni.

Mwambie babu au bibi awasimulie watoto habari za Marwe kabla haijasahaulika. Huenda kwenu inasimuliwa tofauti, nasi tungependa kuisikia. Na siku nyingine watoto wakiwa wamebanana mbele ya simu, maji yakiisha, mtume kaka. Ndoo haimjui wa kike wala wa kiume. Mwache dada, kwa mara moja, aone mwenyewe namna hadithi inavyoisha.